Kodi ya Baba Shiro

Baba Shiro amezeeka vibaya, na nilipomwona Elburgon mwezi uliopita, akishikwa kwapani na bintiye ili apande jukwaa la mazishi, sikuona sababu ya kujifanya nasikitika. Tumbo limebaki, miguu imekwisha. Sauti ndiyo haijaguswa. Alipewa kipaza sauti kwa kuwa ndiye aliyetoa mahema, akakipuliza mara mbili kuhakikisha kwamba sisi tulio hai tunasikia, kisha akatuambia kwamba marehemu Sajini Langat alikuwa shujaa, kwamba alikuwa kama mtoto wake wa kumzaa, na kwamba ni wanajeshi wa namna hiyo wanaomfanya raia mwema alipe kodi yake kwa moyo mweupe. Hapo kwenye kodi nilikohoa. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu aligeuka akanipa peremende.

Nilikuwa nimekwenda kumzika Langat, si kukohoa. Lakini mimi ni mtu wa makala. Nalipwa, kidogo, kwa kudharau vitu kwa maneno mengi, na kwa miaka mingi nimedharau mawaziri, wahubiri, washauri wa mambo ya uchumi na watu wanaofuga mbwa wakubwa katika nyumba ndogo. Dharau zote hizo zina mama mmoja. Niliipata ile ya kwanza katika chumba cha nyuma cha bucha moja ya Bondeni, mjini Nakuru, mwaka niliotoka chuo kikuu na shahada ya uchumi ambayo hakuna aliyeomba kuiona. Mwalimu wangu katika fani hiyo ndiye huyu aliyekuwa jukwaani akijifuta machozi kwa leso ambayo, ninavyomjua, aliinunua bila risiti.

Mwaka ule nilikodi chumba katika nyumba za zamani za baraza la mji: dirisha la vyuma, sakafu nyekundu iliyopasuka katikati, na ukuta mwembamba kiasi kwamba jirani akigeuza chapati ulijua kama imeungua. Nilikuwa na godoro, jiko la mafuta ya taa, mashati mawili meupe na pasi ya makaa. Niliamini kwamba mtu mwenye shahada akivaa suruali yenye mikunjo, taifa limeanguka. Kwa hiyo kila asubuhi nilipiga pasi, nikatoka nimenyooka kama bahasha, nikaenda kutafuta kazi ambayo haikuwepo. Upepo wa kiangazi ulipotoka ziwani ukileta lile vumbi jeupe, nilirudi nikiwa na rangi ya unga, nikapiga pasi tena. Kilichonilisha ni kuwafundisha hesabu watoto wa wafanyabiashara, na mwanafunzi wangu mkuu alikuwa Shiro, binti wa muuza mbao ambaye mji mzima ulimwita, kwa sababu hiyo, Baba Shiro.

Jirani yangu wa ukuta alikuwa Langat, wakati huo akiwa koplo katika kambi moja nje ya mji. Jeshi lilimpa kitanda huko, lakini alikodi chumba Bondeni kwa ajili ya siku zake za mapumziko. Alisema alihitaji mahali ambapo hakuna mtu wa kumpigia filimbi. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye masikio makubwa, na alisalimia kila kiumbe katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga, kuku wakiwemo. Jumamosi alikuja Oduor, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Karagita, kule wanakoishi wafanyakazi wa mashamba ya maua, akiwa na begi la vitabu vya kusahihisha na wakati mwingine maua yaliyokataliwa kwa kuwa na shina fupi. Ploti nzima ilimwita "binamu ya afande". Mjaluo na Mkipsigis kuwa mabinamu hakukumsumbua mtu. Bondeni ilikuwa imeona undugu wa ajabu zaidi, hasa wakati wa kugawana ploti.

Mimi nilijua, kama jirani wa ukuta mwembamba anavyojua. Sikuhitaji kutega sikio. Sikio lilitegwa na fundi aliyejenga. "Umeweka chumvi mara mbili," nilimsikia Langat akisema juu ya maharagwe. "Mara ya kwanza ulikuwa unaongea, hukuniona," Oduor alijibu. Mwisho wa mwezi Langat alisoma makato ya mshahara wake kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya waliokufa ajalini. "Wamekata tena. Kodi, bima, sijui nini ingine. Hata sijaishika kwa mkono." "Angalau serikali inakukumbuka kila mwezi," Oduor alisema. "Mamako analia ati hupigi simu." Walicheka, kisha Oduor akasema kwa sauti nyingine, "Wakijua watakutoa." "Nani atawaambia? Wewe?" "Sichezi, Langat." "Najua huchezi. Wakinitoa nitarudi Elburgon nipasue mbao kwa mashine ya watu. Na dawa ya presha ya mama inatoka kwa hii mshahara. Si wacha tukule." Asubuhi moja nilitoka kuteka maji nikamkuta Langat ameketi juu ya kreti uani, taulo mabegani, Oduor akimnyoa. Alipomaliza alipuliza nywele shingoni, akaacha kiganja chake pale, muda mfupi tu, kama mtu anayepima kama mkate umepoa. Nilijaza ndoo yangu. Maji yalimwagika kwa sababu nilikuwa nikitazama bomba kwa bidii isiyo ya kawaida.

Chakula cha mchana tulikula kwa Mama Njeri. Mbele palikuwa bucha, nyama ikining'inia nyuma ya wavu. Nyuma palikuwa chumba cha moshi chenye meza moja ndefu, beseni la kunawia, na televisheni iliyofungiwa ndani ya vyuma juu ukutani kama mfungwa. Tulikuja kwa ajili ya mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu ukachomwa mpaka ngozi ikapasuka. Mutura una sheria zake. Hauliwi kwenye sahani. Anayenunua hukatiwa vipande juu ya ubao, chumvi ikawekwa pembeni, ubao ukasukumwa katikati, na yeyote aliyepo huchukua. Haulizwi wewe ni nani. Kesho utanunua wewe, au hutanunua, hakuna anayefuatilia. Mtu akikukaribisha ubaoni ukakataa, umemtukana. Na mtu asipokukaribisha, basi huna haja ya kuambiwa zaidi. Katika mwaka ule wa kukosa kila kitu, ubao ule ndio uliokuwa uraia wangu.

Baba Shiro aliketi kichwani mwa meza na kuhutubia. Mada yake ilikuwa moja: kodi yake. "Mimi nalipa kodi!" alikuwa akisema, akipiga meza mpaka chumvi inaruka. "Kodi yangu inaenda wapi? Barabara, mashimo. Hospitali, hakuna dawa. Hawa watu wanakula jasho yangu!" Wenzake waliitikia kama kanisani, hasa Karis, fundi wa magari, mtu mwembamba aliyecheka kabla mzaha haujafika. Sasa, mtu yeyote aliyewahi kuingia katika yadi ya Baba Shiro kununua mbao alijua swali la kwanza la pale: "Unataka na risiti ama bila?" Na risiti ilikuwa bei moja, bila risiti ilikuwa bei nyingine, tamu zaidi, na sijawahi kukutana na mtu aliyechagua ile bei isiyo tamu. Huyu ndiye aliyekuwa akilia juu ya kodi yake. Pale mezani, mtu pekee ambaye kodi yake ilikuwa imekwenda kweli, yote, kabla hajaiona, alikuwa koplo mwenye masikio makubwa aliyekaa karibu na mlango akinywa supu kwa kikombe cha bati.

Siku moja televisheni ilionyesha habari za nchi ya mbali, ambako jeshi lao sasa lingewaruhusu mashoga kutumika bila kujificha. Ilikuwa habari fupi, kati ya bei ya unga na mpira. Mama Njeri alinyoosha fimbo ya fagio kuongeza sauti, akidhani ni mpira. Baba Shiro aliacha kutafuna. "Sasa ona! Hiyo upuzi ikifika hapa, kodi yangu itanunulia mashoga buti?" "Na bunduki wataishika aje?" Karis akauliza. "Na vidole viwili," akajibiwa, na meza nzima ikaangua kicheko. "Wataipaka rangi ya kucha!" Baba Shiro akamgeukia Langat. "Afande, tuambie wewe, wewe ndio mtu ya kazi. Unaweza lala handaki moja na mtu kama huyo?" Langat alipuliza supu yake. "Baba Shiro, kwa handaki hakuna mtu anaangalia mwingine. Unaangalia mbele. Ukiangalia kando unakufa." Walicheka sana, wakamsifu kwamba afande ana maneno machache lakini mazito. Hakuna aliyegundua kwamba alikuwa amejibu.

Ingeishia hapo. Lakini mezani palikuwa na mtu mwenye shahada. Nilijifuta vidole na kuanza kuhutubia nami, kwa ile sauti niliyoiba kwa mhadhiri mmoja aliyekuwa na kikohozi. Nilisema kodi si bei. Ukinunua nyama unapewa nyama yako. Ukilipa kodi hupewi kipande chako cha mwanajeshi ukapime kama kina mafuta unayoyataka. Nilisema kama kuna shoga jeshini, basi yeye anakatwa kodi kila mwezi, hana namna ya kuuliza "na risiti ama bila", na kwa hiyo ni yeye anayemjengea Baba Shiro barabara ya kupitishia malori ya mbao. "Kwa lugha rahisi," nilisema, na hakuna mtu aliyewahi kuokolewa na maneno hayo, "wewe ndiye unayelishwa." Nilikaa nikingoja kushindwa kwa hoja au kushangiliwa. Nilikuwa na umri ambao mtu hudhani jambo la tatu haliwezekani.

Halafu Baba Shiro akasema taratibu, akitazama, si uso wangu, bali mkunjo wa suruali yangu, "Prof, hawa watu unawajua sana, ama?" Karis akachukulia hapo. "Na hajawahi kuonekana na msichana." "Na ile pasi yake," mwingine akasema. "Kila siku pasi, pasi. Mwanaume wa kunyooka hivyo ni wa nini?" Hivyo ndivyo baraza la Bondeni lilivyomtafuta shoga katika chumba kile, likimpita aliyekuwepo, afande, kwa sababu ana buti na mabega, na kumkamata mtu ambaye kosa lake lilikuwa kunyoosha suruali. Nimesoma uchambuzi mwingi wa sera tangu wakati huo, na mwingi ulifuata njia ileile.

Nieleze msimamo wangu wa sasa, nikiwa bado na hasira ya kunisaidia. Nachukia kodi ya mkate. Mtu anayenunua nusu mkate Karagita na mwenye shamba anayempeleka mbwa wake kwa daktari wanalipa kiasi kilekile juu ya kipande kilekile, na mheshimiwa anatoka kwenye gari akituambia tujifunge mkanda, yeye ambaye mkanda wake hauonekani kwa tumbo. Ningekuwa na mamlaka, ambayo Mungu kwa hekima yake amenikatalia, ningetoza viwanja vinavyokaa bure vikingoja bei ipande, na ningeacha mkate na maziwa kabisa. Na kuhusu jeshi: mtu akikubali kulala kwenye matope mpakani ili mimi nilale Nakuru, mpenzi anayemkumbuka akiwa huko hanihusu hata kidogo. Nchi hii inamkata kodi mwanamume anayempenda mwanamume bila kumuuliza lolote. Mkono wa kuchukua haubagui. Ni mkono wa kutoa unaoanza kuuliza maswali. Hayo ndiyo maoni yangu, na naona aibu kidogo kwamba yamechukua miaka mingi na nywele zangu zote kufika pale Langat alipofika kwa kikombe kimoja cha supu.

Siku iliyofuata nilirudi kwa Mama Njeri kama kawaida, kwa sababu njaa haisomi hali ya hewa. Ubao mkubwa ulikuwa katikati ya meza, mutura ukitoa moshi. Niliponyoosha mkono, Karis aliuvuta ubao upande wake. Mama Njeri, ambaye alinipenda lakini aliipenda biashara zaidi, alitoka jikoni na ubao mdogo, wa kukatia nyanya, wenye vipande vichache, akauweka kona ya meza karibu na beseni. "Hii ni yako, Prof," alisema bila kunitazama. Nilisimama na mikono yangu iliyonawa, ikidondosha maji. Nilikuwa nimesoma juu ya kutengwa. Nilikuwa hata nimeandika insha yenye alama nzuri juu yake. Insha haikutaja kwamba unajisikia mjinga, kwamba jambo la kwanza unalofikiria ni kama suruali imelowa. Niliketi nikala kipande. Kilikuwa kitamu sana, jambo ambalo pia lilinikasirisha.

Langat alikuwa mahali pake karibu na mlango. Najua alichokuwa nacho mkononi siku ile: sare ya jeshi, mshahara, dawa ya mama, na chumba cha Jumamosi. Alinyanyuka na kikombe chake, akazunguka meza nzima, nyuma ya migongo ya watu wote wale, akaja kuketi mbele yangu. Akachukua kipande kutoka kwenye ubao mdogo. Akakigusa chumvi. Akala. "Afande," Baba Shiro akasema, "hiyo ubao iko na ugonjwa." Langat alimeza kwanza, alilelewa vizuri. "Nimekula nyoka kwa mafunzo, Baba Shiro. Hii ni nini?" Mtu mmoja alicheka, akakatiza katikati. Tulimaliza ubao ule wawili, kwa mwendo wa kawaida, na nilipotazama juu niliona Karis akimtazama Langat kwa njia mpya, akiinamisha kichwa kama anayesikiliza injini ambayo jana ilikuwa sawa.

Tulitembea nyumbani pamoja. Nilikuwa nimejaa shukrani na nilitaka kuitoa yote, kwa aya. Langat alinikata. "Prof, wewe unaongea kama mtu hana kitu ya kupoteza." "Kweli sina," nilisema, kwa majivuno. "Mimi niko nayo." Tulipita kwenye mfereji. "Basi kwa nini ulikuja kula kwangu?" "Nilikuwa na njaa," alisema, na akasimama kumsalimia kuku.

Wiki hiyo nilienda kumfundisha Shiro, nikikisia kwamba ni mara ya mwisho. Sebule ya Baba Shiro ilikuwa na makochi makubwa yaliyovishwa vitambaa vya kufuma kila mahali penye uwezekano wa kukaa, kiasi kwamba mgeni aliketi ukingoni kama ndege. Shiro alitumwa dukani. Chai ililetwa, na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili, maana pale hawakufanya vitu nusu. Baba Shiro alikuwa na simu mkononi. "Kijana, hii ndio mwisho wa masomo," alisema, bila ubaya, kama anayeahirisha oda ya mbao. "Unaelewa mimi niko na msichana kwa nyumba." Sikuelewa, kwa kuwa kama angekuwa sahihi juu yangu basi msichana ndiye aliyekuwa salama kuliko wote, lakini sikusema. Kisha akaongeza: "Na huyo afande wako. Karis ameulizia kule Karagita. Ati huyo mwalimu si binamu ya mtu. Kesho nampigia meja wa kambi yao. Tunaabudu kanisa moja. Siwezi lipa kodi ikalisha hiyo takataka kwa kambi."

Niliweka kikombe chini. Ningependa kuandika kwamba niliinuka nikasema jambo la utu, kwamba niliongea juu ya haki. Mtu anayeandika ana nafasi ya kurekebisha, na nimejaribu mara kadhaa. Hotuba zilikuwa nzuri, lakini si zangu. Nilichosema, sauti ikipanda kama ya mvulana, ni hiki: "Ukimpigia meja, mimi nitaenda kwa watu wa kodi."

"Kwa nani?"

"Watu wa kodi. Nitawaambia waje yadi kwako waulize mbao bila risiti. Nimekaa hapa mwaka mzima nikifundisha hesabu, Baba Shiro. Mifano yote ya asilimia, Shiro alikuwa anatoa kwa biashara yako."

Hilo lilikuwa kweli. Shiro alikuwa na kipaji. Kwa mara ya kwanza nikaona uso wa Baba Shiro bila hotuba. Haukuwa na chuki wala maadili. Ulikuwa uso wa mtu anayepiga hesabu. Pale katika sebule ya vitambaa nilijifunza kitu ambacho shahada haikunifundisha: kwamba ile imani yake yote juu ya jeshi safi, juu ya taifa, juu ya kile Mungu anachokichukia, ilikuwa na bei, na bei yenyewe ilikuwa ya chini kuliko nilivyodhani. Aliweka simu juu ya kitambaa. "Wewe ni mtu mbaya, Prof," alisema. "Na mimi nilikupa mkate." "Asante kwa mkate," nilisema, nikauchukua uliobaki, kwa kuwa sikujua chakula cha jioni kingetoka wapi, nikatoka.

Huo ndio ushujaa wangu wote. Wengine walikabili risasi. Mimi nilimtishia mtu kwa ushuru, na nikakimbia na mkate wake. Meja hakupigiwa simu. Karis akaambiwa anyamaze, na kwa kuwa gari la Baba Shiro lilitengenezwa kwake, alinyamaza. Langat hakuwahi kujua, au alijua na hakusema, jambo linalofanana naye. Ubao mdogo uliendelea kuletwa karibu na beseni, na kila alipokuwa mjini aliketi kwangu, na baada ya muda fundi viatu mmoja alijiunga nasi kwa sababu huko kwetu vipande vilikuwa vingi zaidi. Kabla mwaka haujaisha nilipata kazi ya gazeti Nairobi, ya kusahihisha makosa ya watu wengine, nikaondoka na pasi yangu. Oduor alinipa maua ya shina fupi yaliyofungwa kwa uzi wa begi la saruji.

Sasa turudi Elburgon, kwenye baridi na matope na harufu ya mbao mbichi, ambako Baba Shiro alikuwa bado anamzika shujaa wake. Langat alikufa ghafla, mshipa wa kichwa, akiwa amebakiza kidogo astaafu. Hakutolewa jeshini kamwe. Alikatwa kodi mpaka mwezi wa mwisho. Mshereheshaji aliita makundi yaje kupigwa picha na jeneza. "Mke? Watoto? Wakwe?" Alitazama karatasi yake. "Haya, hakubarikiwa. Tuendelee." Nilimtafuta Oduor. Nilimpata langoni, mwalimu mkuu msaidizi mwenye mvi, amevishwa koti la manjano linalong'aa, akielekeza magari yasizame. Kamati ya mazishi ilikuwa imempa kazi hiyo kama rafiki wa familia. Alinishika mkono, akasema, "Prof, egesha hapo kwa nyasi," na zaidi ya hapo hatukuweza.

Kaburini askari waliikunja bendera, kona juu ya kona, wakamkabidhi mama yake Langat, bibi kizee mwenye umbo dogo aliyeitwa na wote Gogo, kama Wakipsigis wanavyowaita nyanya zao. Aliipokea kwa mikono miwili na hakulia. Watu wakaenda kwenye chakula. Oduor alikuwa amefika kwa nyuma, koti lile la manjano bado mwilini, na hakuwa amekaribia vya kutosha kutupa hata gao la udongo. Gogo aliketi chini ya hema kuu, kati ya wazee, wakamletea sahani ya wali na kabeji. Alitazama sahani, akatazama bendera magotini pake. Kisha akaita, si kwa sauti kubwa, lakini yule mama akiita hata askari waligeuka. "Oduor! Kuja hapa."

Alikuja, akijifuta matope mikononi kwa koti. "Gogo."

"Nishikie hii. Nataka kula."

Alimwekea bendera mikononi, akakisukuma kando kwa kisigino kiti cha mzee mmoja ili nafasi ipatikane, na Oduor akaketi pale, kando yake, mbele ya watu wote. Baba Shiro alikuwa mwisho wa meza, sahani ikiwa imejaa. Alimnong'oneza bintiye kwa sauti yake, ambayo haijui kunong'ona: "Huyu ni nani anapewa bendera? Hiyo kitu imenunuliwa na kodi yetu." Nilikuwa nimesimama nyuma yake na soda. Sikuwa nimepanga. "Baba Shiro," nikamwambia sikioni, "una risiti?"

Hakugeuka. Shingo yake iliganda, na kijiko kikabaki njiani. Shiro ndiye aliyegeuka, mwanamke mkubwa sasa, mwenye miwani. Alinitambua, akafunika mdomo, na sina hakika kama alikuwa anacheka.

Gogo alikula polepole, kila kitu, mpaka kabeji. Kwa kuwa mikono ya Oduor ilikuwa imeshika bendera, hakuweza kuchukua sahani, basi kila mara yule mama alimega tonge la wali kwa vidole, akamtia mdomoni, akaendelea na lake, akizungumza na mzee wa upande wa pili juu ya bei ya viazi. Alipomaliza alinawa, akasimama, akasema amechoka na anaingia ndani. Oduor akanyanyuka, akamnyooshea bendera. Gogo alimtazama kama mtu anayeulizwa jambo lililokwisha, akafunga shuka yake vizuri, akaenda zake mikono mitupu.

Oduor alibaki amesimama. Mvua ilikuwa inaanza. Alivua lile koti la manjano la kamati, akaifunika nalo bendera isilowe, akaibeba kifuani hadi kwenye gari langu.